Kwa Somo: Nimeweka pesa nikaione Cairo, sasa kila mtu ana yake

Somo yangu,

Assalaam alaykum. Naomba jina langu lisitoke, kwani hapa Wete tunajuana sote.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na moja. Mume wangu ana duka dogo la vifaa vya simu Unguja na siku nyingi yuko huko. Mimi niko Pemba na watoto. Nashona kofia za viua tangu niko skuli. Kofia moja nzuri inanichukua mwezi na zaidi, kwa hiyo utafahamu mwenyewe pesa yangu inavyopatikana.

Mtoto wa dada yangu anasoma Azhar, kule Cairo. Siku moja alinirushia video ya kuba la msikiti wa Qaytbay, ule ulio kwenye noti ya pauni moja ya Misri. Jiwe zima limechongwa nyota, na ndani ya nyota yamepita maua, mistari ya huku haigongani na ya kule. Mimi kila siku nahangaika kuzungusha kiua kwenye duara la kofia kifike kilipoanzia bila kwenda upande. Hao wamefanya kazi hiyo hiyo juu ya jiwe, kwenye kuba linalopungua kila likipanda. Niliitazama mpaka bando likaisha. Tangu hapo nataka kwenda. Si kusoma, si biashara, si matibabu. Kutazama tu.

Nimecheza upatu, nimeuza kofia, na sasa nina milioni tatu na laki sita. Wakala wa tiketi kanambia kwenda na kurudi kupitia Addis Ababa ni kama milioni moja na nusu nikikata mapema. Ukitoa viza, boti na vidogo vidogo, inabaki kama milioni moja na nusu nyengine ya kukaa siku nane. Mpwa wangu anasema inatosha. "Mama mdogo, mji huu unatembelewa kwa miguu." Yeye analala bweni la wanafunzi la Buuth, huko mimi siwezi kukaa, lakini ana rafiki yake wa Unguja anayeishi Nasr City, mtaa wa Cairo, na mke na watoto wawili wadogo. Kasema nitalala kwao bure.

Sasa sikiliza. Wifi yangu alipopata habari alinambia nilete daftari, akaandika mwenyewe: abaya mbili, manukato, mashuka. Jirani akaagiza msala. Mwenzake akaagiza kanzu ya mumewe, vipimo nitaletewa. Mama mkwe hajaagiza kitu, na huyo ndiye ninayemwogopa zaidi. Nimepiga hesabu, zawadi peke yake zinafika laki nane, na hapo kilo za mzigo sijaziweka. Kurudi mikono mitupu siwezi, nitasemwa mpaka Micheweni.

Mama yangu anasema pesa ya kwenda kutazama mawe bora niiweke niende umra. Nilimwambia huko kuna kaburi la Imamu Shafii, ambaye sote tunafuata madhehebu yake. Akanijibu: "Imamu Shafii mwenyewe kakulia Makka." Nikanyamaza.

Shoga yangu kapata habari ya kikundi cha umra kinachopitia Cairo siku mbili wakati wa kurudi. Bei yake inazipita pesa zangu kwa zaidi ya milioni mbili, kwa hiyo ni kungoja upatu mwengine. Na mume wangu nilipomwambia, alisema "nenda", kisha akaniuliza kama umeme umerudi. Mpaka leo hajaligusa tena.

Juu ya yote, kuna mtu aliyewahi kupelekwa na kampuni ya utalii aliyenambia Misri bila dola huoni kitu, akanionyesha picha yake juu ya ngamia. Nakhofu nitafika mji mkubwa ule niwe napita nje ya milango nikihesabu pesa mkobani. Niende hivi hivi, ningoje, au nimridhishe mama?

Mshona kofia, Wete

*

Waalaykum salaam mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma na daftari la wifi nimelisoma pamoja nayo, maana umelinakili karibu lote. Wewe unauliza kama milioni moja na nusu inatosha kuiona Cairo. Lakini naona umefunga mambo manne kwenye pindo moja la kanga: mji wenyewe, nyumba ya kulala, zawadi, na radhi za mama na mume. Ukilivuta fundo lote kwa pamoja halifunguki. Niruhusu nilishike uzi mmoja mmoja.

Nianze na mji, kwa sababu hapo ndipo khofu yako ilipo na ndipo ninapoiona nyepesi kuliko unavyodhani. Aliyekwambia bila dola huoni kitu hakukudanganya. Kasema alichokiona yeye. Kampuni za utalii huwapeleka watu kwenye piramidi, kwenye makumbusho na kwenye ngome ya Salahuddin, na huko kote mgeni analipa, tena bei yake iko juu mara nyingi ya bei ya Mmisri. Lakini Cairo unayoitaka wewe ni nyengine. Mji ule watawala wa Kifatimiyya waliuanzisha mwaka 969, na Azhar ikaanza kusaliwa 972. Kutoka lango la Bab al-Futuh mpaka Bab Zuweila, mtaa wa al-Muizz unapita katikati kwa mwendo wa kilomita moja na kidogo, na pande zote mbili ni misikiti, madrasa, mabirika ya maji na milango ya mbao iliyopambwa. Kuupita mtaa hakuna anayekulipisha. Baadhi ya majengo ndani yana tiketi, lakini Azhar, msikiti wa al-Hakim, wa Sayyidna Hussein, wa Amr bin al-As kule Fustat, wa Ibn Tulun uliojengwa katika karne ya 9, hiyo unaingia kwa udhu wako. Nje utakuta mtu anayeangalia viatu, naye anategemea chochote. Weka noti ndogo ndogo mkononi, usiwe unafungua pochi mbele za watu kila mlango.

Qaytbay yako iko nje kidogo ya mji huo, kwenye makaburi ya upande wa mashariki, mahali ambapo watu wanaishi na kuanika nguo baina ya makuba ya masultani. Msikiti huo ulimalizika kujengwa 1474. Usiende peke yako mara ya kwanza. Nenda na mpwa wako, asubuhi, na mchukue muda. Imamu Shafii yuko makaburi ya kusini, kuba lake lilijengwa 1211. Hizo si sehemu za kwenda siku moja kwa haraka, kwa hiyo siku nane zako si nyingi kama zinavyosikika.

Usafiri haukutishi hata kidogo ukishauzoea. Cairo ina treni ya chini ya ardhi tangu 1987, ya mwanzo Afrika, na ndani yake kuna mabehewa ya wanawake. Njia ya tatu inapita Abbasia, kwenye bweni la mpwa wako, mpaka Ataba, na kutoka Ataba hadi Azhar unafika kwa miguu. Chakula nacho: ful (maharage) na taamiya (bajia za maharage) asubuhi, koshari mchana. Koshari ni wali, dengu na makaroni, juu yake sosi ya tungule na vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikakauka. Sahani moja mtu mzima anashiba. Sikwambii utakula vizuri kuliko Wete, nakwambia hutolala na njaa.

Panapouma ni piramidi na makumbusho. Ukitaka kuziona, na sioni kwa nini mtu afike Misri asitake, zitenge kuwa ni siku moja ya matumizi na ujue bei kabla hujaondoka nyumbani. Vituo vingi vikubwa vya utalii havipokei tena pesa taslimu kutoka kwa wageni. Wanataka kadi ya benki. Jee, unayo inayofanya kazi nje ya nchi? Mpwa wako huenda akakulipia kwa yake ukamrejeshea, naye kwa kitambulisho cha uanafunzi tiketi yake inakuwa nusu, lakini yako haiwi nusu. Makumbusho makubwa mapya ya Giza yamefunguliwa rasmi Novemba 2025, na ya zamani ya Tahrir, ya tangu 1902, yapo bado. Yote mawili kwa pesa zako ni mzigo. Hapo utachagua, na ninavyokusoma, wewe wa makuba hutalia sana ukilikosa moja. Na ngamia, kama hukumpanda, hakuna kilichokupungukia. Bei ya kumpanda na bei ya kushuka si moja.

Viza uiulize mapema kwa Wamisri wenyewe, pasiwe na mtu wa kati wa kukuongezea bei, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano uwe nayo. Ukienda Disemba mpaka Februari, baridi ya usiku ule sisi hatuijui. Azima koti. Ukienda miezi ya Juni mpaka Agosti, jua litakukatia siku: asubuhi utatembea, mchana utalala. Na Ramadhani mji unageuka, mchana unalala na usiku unaamka, raha yake kubwa lakini vituo hufunga mapema.

Sasa nyumba. Hapa nataka kukuuliza kwa upole: ni nani aliyekualika? Umesema mpwa wako "kasema" utalala kwao bure. Mpwa wako si mwenye nyumba ile. Rafiki yake si anayepika. Kuna mwanamke wa Kiunguja Nasr City mwenye watoto wawili wadogo na mume mwanafunzi, ambaye huenda hajui bado kama ana mgeni wa siku nane. Labda atafurahi; mtu akiwa ugenini kumsikia mwenziwe akisema Kiswahili cha kwao ni faraja kubwa. Labda pia chumba ni kimoja. Mpigie simu yeye mwenyewe, mwanamke kwa mwanamke, umsikilize sauti. Siku ya tatu mgeni hupewa jembe, na jembe la huko ni pesa ya soko na ya gesi. Kwa hiyo malazi hayo si bure, ni rahisi. Andika kiasi fulani katika hesabu, hata kama watakikataa.

Njia nyengine ni kulala kwao siku mbili tatu za mwanzo, kisha uchukue chumba cha bei nafuu katikati ya mji, karibu na treni. Hapo unapata uhuru wa kutoka na kurudi, lakini unakuwa mwanamke peke yako hotelini kwenye mji usioujua, na mpwa wako ana masomo, hawezi kukusindikiza kila saa. Wako wanaolifanya hilo bila tabu. Wako wanaokosa usingizi. Wewe unajijua. Ukienda kwa watu, chukua kofia uliyoshona mwenyewe umpe mwenye nyumba, hakuna zawadi ya dukani itakayoifikia. Karafuu usibebe, wewe mtu wa Pemba habari za magendo huhitaji mimi nikusimulie.

Nimefika kwenye daftari. Laki nane katika milioni moja na nusu ni zaidi ya nusu ya pesa yako ya kukaa. Tazama jambo hili kidogo: sisi huku safari tunaitambua kwa sababu yake. Mtu kaenda kuhiji, kaenda kusoma, kaenda kutibiwa, kaenda Dubai kuchukua mzigo, kaenda mazikoni. Hata Cairo yenyewe si ngeni kwetu. Redio yake ilianza kutangaza kwa Kiswahili 1954, na vijana wetu wanakwenda Azhar vizazi hivi. Lakini walikwenda kusoma. Wewe umesema "kutazama tu", na hiyo watu hawajui waiweke wapi, kwa hiyo kila mmoja ameipa sababu yake. Wifi ameifanya ni safari ya mzigo. Mama anataka iwe ya ibada. Mwenye ngamia anataka iwe ya kitalii. Na wewe, samahani mdogo wangu, hujamwambia hata mmoja wao ulichonambia mimi kuhusu kiua kinachozunguka duara. Au umewaambia? Barua haisemi.

Umeandika kuwa kurudi mikono mitupu huwezi. Inawezekana. Lakini kati ya mikono mitupu na abaya mbili na mashuka kuna nafasi kubwa. Wapo wanaotofautisha zawadi na agizo: zawadi nakupa nilichopenda mimi, agizo unanipa pesa kabla sijapanda boti. Ukimwambia wifi hivyo, huenda akatoa pesa, na hapo utakuwa umebeba pesa ya watu, mzigo wa watu na lawama ya rangi isiyokuwa ile. Huenda akakasirika na daftari likafungwa, nalo lina gharama zake katika ukoo. Wapo wanaoleta kitu kimoja kwa wote, tende au ubani, ikagawiwa sebuleni siku moja na ikaisha. Wapo wanaonyamaza, wakaondoka, wakarudi, na habari ikajulikana baadaye. Kwako hilo limeshapita. Yule asiyeagiza kitu, mama mkwe, mimi ningekuwa na hamu ya kujua kama kimya chake ni cha kusubiri au ni cha mtu asiyetaka kukuongezea mzigo. Umemdhania la mwanzo. Watu wazima wengine hunyamaza kwa huruma.

Mama yako mzazi ndiye aliyenigusa. Jawabu lake la Imamu Shafii ni kali, na ni kweli, Imamu alizaliwa Gaza akakulia Makka, Misri alikuja ukubwani akafia huko mwaka 820. Mwanamke mwenye jawabu kama hilo huwezi kumshinda kwa hoja, na sidhani kama unatakiwa. Swali langu ni moja: anaposema "uweke uende umra", anataka uende wewe, au yeye mwenyewe ana hamu ya kwenda na hana wa kumpeleka? Ni mambo mawili mbali mbali. Kama ni la pili, basi hesabu si ya milioni tatu na laki sita tena, na umri wake unaingia katika hesabu. Kile kikundi kinachopitia Cairo kinaweza kuwajumuisha nyote wawili, ila siku mbili za kikundi ni siku mbili za basi: mtapelekwa wanapopelekwa wote, na Qaytbay huenda isiwemo. Utakuwa umemridhisha mama, na umeuona mji kutoka dirishani. Kuna watakaokwambia hiyo ndiyo heri, na siwapingi. Kama ni la kwanza, umra haikimbii na wala Cairo haikimbii, lakini bei zinakimbia. Machi 2024 pauni ya Misri ilishuka kwa siku moja kutoka kama 31 kwa dola mpaka karibu 50. Shilingi yetu nayo haikai mahali pamoja. Kungoja upatu mwengine kunaweza kukupa nafasi, na kunaweza kukukuta na tiketi iliyopanda. Hilo hakuna wa kukuhakikishia.

Kuhusu mume wako. "Nenda" ya mtu anayeuliza umeme ni neno dogo sana kulijengea safari, na ni dogo sana pia kulidhania ubaya. Huenda anaona umeshaamua na hataki kuharibu. Huenda anaumia kuwa pesa ni zako na hakushirikishwa tangu upatu wa kwanza. Huenda, Mungu anisamehe, alikuwa kweli anawaza friji. Hili lisizungumzwe kwa simu. Akija Pemba, au ukipita Unguja, mkae, na umwonyeshe ile video. Na kama ndani ya kimya chake kuna suala la kusafiri bila mahram, mpwa wako ni mahram wako naye atakupokea uwanjani, lakini njia ya kwenda ni yako peke yako. Hilo wanavyuoni wana maneno zaidi ya moja, na safu hii si pahala pake. Mwendeeni sheikh mnayemwamini nyote wawili, pamoja, ili jawabu lisiwe la upande mmoja.

Jambo la mwisho linalonitia wasiwasi ni kuwa katika hesabu yako yote sikuona pesa ya kubaki. Ada za skuli, mtoto akiugua, wewe ukiugua kule, ndege ikikosa kuunganisha Addis. Ukiondoka na shilingi yako ya mwisho, kila koshari utaila kwa hesabu, na hapo ndipo ile khofu yako ya milango itakapokuwa kweli, wala haitakuwa kwa sababu ya Cairo. Laki nane za daftari na pesa ya dharura zinagombea nafasi moja.

Ungeniambia ni mwezi gani unaofikiria, ningekujibu kwa uhakika zaidi. Kwa sasa simu ya mwanzo ni ya Nasr City, kwa huyo mama watoto. Jawabu lake ndilo litakalobadilisha hesabu yako kabla ya mengine yote, na usikate tiketi hujalisikia.

Somo wako